Seva ya hifadhidata imewaka upya: namna ya kujua kama nakala imefika kweli

Umeme unakatika Kariakoo, jenereta inachelewa kushika, UPS inaishiwa, seva ya hifadhidata inazimika. Ikiwaka tena, fundi anaingia, anapiga amri moja, anaona `Seconds_Behind_Source: 0`, anayodhani inasema hakuna uchelewaji hata wa sekunde, anaandika "ipo sawa" kwenye kundi la WhatsApp la ofisi na kurudi kulala. Asubuhi mhasibu anafungua ripoti inayosomwa kwenye nakala, yaani seva ya pili inayoiga data za seva kuu, na kukuta mauzo ya nusu siku hayapo.

Wanaoangukia hapa si wageni wa kazi hii. Wanaangukia hapa kwa sababu ile sifuri haisemi wanachodhani inasema, na baada ya seva kuwaka upya ndipo inapodanganya zaidi.

Mwongozo huu ni wa MySQL 8.0 na 8.4 yenye GTID (kitambulisho cha kipekee ambacho kila muamala hupewa), seva kuu moja, nakala moja au zaidi. MariaDB ina GTID ya namna yake, hivyo usizinakili amri hizi kichwakichwa kule.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Njia ya kuingia kwenye seva zote mbili. Ukiwa na nakala peke yake, unaloweza kujua ni maoni ya nakala kuhusu yenyewe. Fungua terminali mbili, upande kwa upande.
- Mtumiaji wa MySQL mwenye ruhusa ya `REPLICATION CLIENT`, ruhusa ya kusoma `performance_schema` (majedwali ambamo MySQL huweka takwimu zake za ndani), na `REPLICATION_SLAVE_ADMIN` ya kusimamisha na kuanzisha nyuzi za replikesheni, yaani kazi mbili za ndani ya nakala: uzi wa kupokea mabadiliko kutoka seva kuu, na uzi wa kuyatekeleza.
- Logi ya hitilafu ya kila seva. Kwenye Ubuntu kwa kawaida iko `/var/log/mysql/error.log`.
- chrony, au huduma nyingine ya kusawazisha saa, iwe inafanya kazi pande zote mbili.
- Faili tupu la maandishi. Utabandika humo seti za GTID. Usizitegemee kichwani.

Jambo la matoleo: `SHOW REPLICA STATUS` ilikuja na 8.0.22. Kabla ya hapo ni `SHOW SLAVE STATUS`, na safu ya uchelewaji inaitwa `Seconds_Behind_Master`. Kwenye 8.4 amri ya zamani imeondolewa kabisa, kwa hiyo skripti ya ufuatiliaji iliyoandikwa enzi za 5.7 itapata hitilafu. Na skripti nyingi zikipata hitilafu hunyamaza.

## Hatua ya 1: Jua ni seva ipi iliyozimika, na ilizimikaje

Usiulize mtu. Uliza seva, zote mbili:

```
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Uptime';
```

Jibu ni sekunde tangu MySQL iwake. Mara nyingi utakuta seva uliyoambiwa "haikuguswa" nayo ina dakika chache tu.

Kisha fungua logi ya hitilafu. `Received SHUTDOWN from user` inamaanisha ilizimwa kwa utaratibu. Ukikuta `Starting XA crash recovery` bila ule mstari wa kwanza kutangulia, ilikufa ghafla. Tofauti hii ndiyo itakayoamua uzito wa hatua ya 6, basi iandike.

Angalizo la saa: MySQL huandika logi yake kwa UTC usipoibadilisha, na Dar es Salaam iko saa 3 mbele. Mlinzi akikwambia umeme ulikatika saa 2 usiku, wewe tafuta 17:00 kwenye logi. Nimeona watu wazima wakibishana kuhusu tukio moja kwa sababu mmoja anasoma logi, mwingine anasoma saa ya ukutani, na wa tatu anahesabu saa za Kiswahili. Kwenye taarifa ya tukio andika UTC tu, kwa saa 24.

Ukifanikiwa: una sentensi moja isiyo na utata, mfano "seva kuu ilikufa ghafla 17:04 UTC ikawaka 17:31, nakala haikuzimika."

## Hatua ya 2: Kagua saa kabla ya kusoma uchelewaji

Watu huiruka hatua hii, nayo ndiyo huleta namba za ajabu.

Uzi wa kupokea wa nakala, kila unapoanza, huiuliza seva kuu saa ngapi na kuhifadhi tofauti kati ya saa hizo mbili. Tofauti hiyo hutumika katika kila hesabu ya `Seconds_Behind_Source` hadi uzi uanze tena. Haikaguliwi upya njiani.

Sasa chukua seva ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa. Umeme ukirudi inawaka na saa ya uongo, MySQL inaanza, uzi wa kupokea unaweka tofauti hiyo mbovu, halafu chrony inakuja kurekebisha saa. Kuanzia hapo kila hesabu imepinda, na hakuna hitilafu itakayoandikwa popote.

```
timedatectl
chronyc tracking
```

Tafuta `System clock synchronized: yes` pande zote mbili. Kama saa ilirekebishwa baada ya MySQL kuwaka, anzisha upya uzi wa kupokea kwenye nakala:

```
STOP REPLICA IO_THREAD;
START REPLICA IO_THREAD;
```

Hii haipotezi data. Uzi unaendelea pale ulipoachia.

Ukifanikiwa: `SELECT UTC_TIMESTAMP(6);` ikipigwa kwenye terminali zote mbili kwa pamoja inatoa majibu yanayopishana kwa muda wa vidole vyako tu.

## Hatua ya 3: Tafuta mipangilio iliyopotea

Chochote kilichowekwa kwa `SET GLOBAL` kimeondoka seva ilipozimika. Kilichobaki ni kile kilichoandikwa kwenye faili la usanidi au kilichowekwa kwa `SET PERSIST`.

```
SELECT @@super_read_only, @@event_scheduler,
       @@relay_log_recovery, @@gtid_mode,
       @@sync_binlog, @@server_uuid\G
```

Kwenye nakala `super_read_only` lazima iwe 1. Ikiwa 0, programu yoyote yenye anwani isiyo sahihi inaweza kuandika humo, na kila uandishi huo unazaa muamala ambao seva kuu haiujui. Irudishe sasa hivi, kwa namna itakayodumu:

```
SET PERSIST super_read_only = ON;
```

Kwenye seva kuu ni kinyume: isiwe imewashwa.

Linganisha pia `server_uuid`. Kama nakala ilitengenezwa kwa kunakili saraka nzima ya data, faili la `auto.cnf` nalo lilinakiliwa, na seva mbili zikiwa na kitambulisho kimoja replikesheni hukataa. Zima nakala, ondoa faili hilo, iwashe, itajitengenezea kingine.

## Hatua ya 4: Soma hali kwa mpangilio, si kwa kuruka

Kwenye nakala:

```
SHOW REPLICA STATUS\G
```

Jicho litakimbilia uchelewaji. Lizuie. Anza na mistari hii kwa mfuatano huu: `Replica_IO_Running` (uzi wa kupokea), `Last_IO_Error`, `Replica_SQL_Running` (uzi wa kutekeleza), `Last_SQL_Error`, `Replica_SQL_Running_State`.

Nyuzi zote mbili ni `No` na hakuna hitilafu. Kuna uwezekano mkubwa `skip_replica_start` imewashwa kwenye usanidi. Nakala inakusubiri wewe. Ukishamaliza hatua ya 2 na 3, piga `START REPLICA;`.

Kupokea ni `Connecting`. Nakala haijaifikia seva kuu. Soma `Last_IO_Error`: mtandao, ukuta wa moto, nenosiri, au seva kuu bado inajirekebisha baada ya kufa ghafla. Hakuna cha kupima bado.

Kupokea ni `No` baada ya seva kuu kukaa kimya muda mrefu. Hili linawakamata waliohamia 8.4. Nakala ikikosa seva kuu hujaribu tena kila sekunde 60. Kwenye 8.0 inajaribu mara 86400, yaani kama siku 60. Kwenye 8.4 chaguo-msingi ni mara 10, yaani dakika 10, kisha inakata tamaa. Kwa umeme wetu dakika 10 si kitu. Angalia `Source_Retry_Count` kwenye majibu, na ukiona 10, ongeza huku uzi wa kutekeleza ukiwa bado unafanya kazi:

```
STOP REPLICA IO_THREAD;
CHANGE REPLICATION SOURCE TO SOURCE_RETRY_COUNT = 86400;
START REPLICA IO_THREAD;
```

Kutekeleza ni `No`, hitilafu 1062 au 1032. Ya kwanza ni ufunguo uliojirudia, ya pili ni mstari usiopatikana. Zote mbili zinasema data za nakala zimeshatofautiana na za seva kuu. Usiruke muamala ili tu hali irudi `Yes`. Ukiuruka umefuta ushahidi, na tatizo litarudi kwenye mstari mwingine wiki ijayo.

Zote ni `Yes`. Vizuri, ila hiyo ni ruhusa ya kuendelea na hatua ya 5, si jibu. Kuna dakika moja ambayo hata `Yes` ni uongo. Seva kuu ikifa kwa kukatika umeme, haipati nafasi ya kuaga, na muunganisho unabaki umening'inia. Nakala itagundua tu pale `replica_net_timeout` itakapoisha, ambayo kwa kawaida ni sekunde 60. Muda wote huo utaona `Yes`, `Yes`, na 0, huku seva kuu iko gizani.

Onyo kubwa la hatua hii: usipige `RESET REPLICA ALL` kwa sababu umechanganyikiwa. Inafuta anwani ya seva kuu, mtumiaji, kila kitu. Na `RESET MASTER`, ambayo kwenye 8.4 inaitwa `RESET BINARY LOGS AND GTIDS`, inafuta kumbukumbu ya miamala iliyotekelezwa, yaani kile kile unachotaka kukipima.

## Hatua ya 5: Elewa kwa nini 0 haitoshi

`Seconds_Behind_Source` inatolewa kwa mtazamo wa uzi wa kutekeleza. Unachukua muda ulioandikwa kwenye tukio unalolifanyia kazi sasa, unalinganisha na saa ya sasa. Kama logi ya relei (mafaili ambamo nakala huweka mabadiliko iliyoyapokea kabla ya kuyatekeleza) haina kitu kilichobaki na uzi wa kupokea umeunganishwa, jibu ni 0.

Ni sawa na kumuuliza mwenye duka la Kariakoo kama kuna mzigo haujapangwa. Anaangalia stoo, iko tupu, anakujibu hakuna. Makontena yaliyokwama bandarini hayamo kwenye hesabu yake.

Baada ya seva kuwaka upya mambo matatu huongeza uongo huo.

Kwanza, kama `relay_log_recovery` imewashwa, nakala ikiwaka hutupa logi za relei ambazo hazijatekelezwa na kuziomba upya kutoka seva kuu. Ni tabia nzuri, na mimi naiwasha kila mahali. Lakini maana yake ni kwamba stoo inaanza tupu, na kama mtandao kati ya Posta na kituo chako cha data ni mwembamba, utaona 0 ikirukaruka huku miamala ya saa nzima iko njiani.

Pili, 0 na NULL (yaani hakuna thamani) si kitu kimoja. NULL hutokea uzi wa kutekeleza ukiwa umesimama, au ukiwa umemaliza kila kitu huku uzi wa kupokea hauna muunganisho. Tatizo liko kwenye dashibodi: skripti nyingi hubadili NULL kuwa 0 kwa sababu grafu haipendi pengo. Hapo hali mbaya kuliko zote inachorwa kama hali nzuri kuliko zote. Fungua skripti yako leo uangalie. NULL ipige kengele.

Tatu, majedwali ya replikesheni ya `performance_schema` yanaishi kwenye kumbukumbu tu. Nakala ikizimika, historia yake inaondoka. Ukikuta `LAST_APPLIED_TRANSACTION` tupu na muda wa `0000-00-00`, haimaanishi hakuna kilichowahi kutekelezwa. Inamaanisha hakuna kilichotekelezwa *tangu iwake*.

## Hatua ya 6: Linganisha GTID za pande zote mbili

Hii ndiyo hatua yenyewe. GTID zilizotekelezwa zimeandikwa kwenye diski na kwa kawaida hazipotei seva ikizimika.

Anza na seva kuu:

```
SELECT REPLACE(@@global.gtid_executed, '\n', '');
```

Utapata kitu kama `8c2f61d0-5b1e-11ee-9a41-0242ac1f0003:1-4821907`. Bandika kwenye faili lako pamoja na muda. Kisha, kwenye nakala:

```
SELECT GTID_SUBTRACT(
  '8c2f61d0-5b1e-11ee-9a41-0242ac1f0003:1-4821907',
  @@global.gtid_executed) AS bado;
```

Jibu tupu linasema nakala imetekeleza kila kilichokuwapo seva kuu ulipoiuliza. Jibu kama `...:4821903-4821907` linasema miamala 5 bado. Hapo una hesabu halisi, siyo makadirio ya sekunde.

Kama hutaki kupiga tena na tena, iache nakala isubiri yenyewe:

```
SELECT WAIT_FOR_EXECUTED_GTID_SET(
  '8c2f61d0-5b1e-11ee-9a41-0242ac1f0003:1-4821907', 60);
```

0 ni kwamba imefika. 1 ni kwamba sekunde 60 zimeisha na haijafika. Hii 0 unaweza kuiamini.

Watu wengine hulinganisha `Retrieved_Gtid_Set` na `Executed_Gtid_Set` ndani ya majibu ya nakala ile ile, kwa kuwa ni rahisi, huhitaji terminali ya pili. Baada ya kuwaka upya njia hiyo haifai. `relay_log_recovery` ikifanya kazi, `Retrieved_Gtid_Set` hufutwa na kuanza upya. Utaona seti fupi kando ya seti ndefu na ulinganisho hautakwambia lolote.

### Miamala ambayo haikupaswa kuwapo

Geuza hesabu. Safari hii chukua seti ya nakala kwanza, ndipo uende seva kuu:

```
SELECT GTID_SUBTRACT('seti ya nakala', @@global.gtid_executed) AS ya_ziada;
```

Mpangilio una maana yake. Ukianza na seva kuu, miamala itakayoingia katika sekunde unazobadili terminali itaonekana kama ya ziada wakati si ya ziada.

Jibu liwe tupu. Likiwa na kitambulisho cha nakala yenyewe, mtu au programu iliandika kwenye nakala. Rudi hatua ya 3. Likiwa na kitambulisho cha seva kuu, kaa chini usome kwa utulivu.

Maana yake nakala ina miamala ambayo seva kuu iliituma kisha ikaisahau. Hutokea seva kuu inapokufa ghafla huku `sync_binlog` si 1 (1 huilazimisha seva iandike binlogi, yaani logi ya miamala yake, kwenye diski kila muamala unapokamilika), au diski zake zinadai zimeandika wakati bado. Chaguo-msingi ni 1, lakini kuna mafundi huishusha ili seva iende kasi, na siku ya umeme deni linadaiwa.

Nakala ikiunganishwa katika hali hiyo, kwa kawaida seva kuu hukataa kwa hitilafu 1236, ikisema nakala ina GTID nyingi kuliko yake. Hiyo ni bahati nzuri. Bahati mbaya ni pale seva kuu yenye shughuli nyingi inapowaka na kupokea miamala mipya kabla nakala haijaunganishwa. Inazitumia tena namba zile zile kwa miamala mingine. Nakala ikija, inaona namba hizo inazo tayari, inaziruka. Hakuna hitilafu. Seti za GTID zinalingana herufi kwa herufi, na data ni tofauti.

Ndiyo maana hatua ya 1 ilitaka ujue seva ilikufaje. Kama seva kuu ilikufa ghafla na `sync_binlog` haikuwa 1, usiridhike na GTID kulingana. Pima data zenyewe kwa `pt-table-checksum` ya Percona Toolkit, anza na majedwali ya fedha.

Ukifanikiwa: "bado" ni tupu, "ya ziada" ni tupu, na seva kuu ama ilizimwa kwa utaratibu, ama ina `sync_binlog=1` juu ya diski unazoziamini, ama imepita kipimo cha data.

## Hatua ya 7: Weka mapigo yako mwenyewe

GTID inakwambia miamala mingapi. Bosi anataka kujua dakika ngapi. Dawa ni jedwali dogo ambalo seva kuu inaliandikia muda kila sekunde. Linatengenezwa mara moja tu, kwenye seva kuu:

```
CREATE DATABASE IF NOT EXISTS ukaguzi;

CREATE TABLE ukaguzi.mapigo (
  seva_id INT UNSIGNED PRIMARY KEY,
  wakati DATETIME(6) NOT NULL
);

CREATE EVENT ukaguzi.piga
ON SCHEDULE EVERY 1 SECOND
DO REPLACE INTO ukaguzi.mapigo
   VALUES (@@server_id, UTC_TIMESTAMP(6));
```

Kwenye nakala soma:

```
SELECT seva_id,
  TIMESTAMPDIFF(MICROSECOND, wakati, UTC_TIMESTAMP(6)) / 1000000
  AS sekunde_nyuma
FROM ukaguzi.mapigo;
```

Nimetumia UTC makusudi, ili mtu akibadili ukanda wa saa wa seva moja namba isiruke kwa saa 3. `binlog_format` iwe `ROW`, ambayo ndiyo chaguo-msingi, la sivyo `@@server_id` inaweza kusomwa upya kwenye nakala.

Mambo ya kuangalia seva ikiwaka upya:

Soma jedwali hili kwenye seva kuu kwanza. Kama mapigo hayasogei hata kule, tatizo si replikesheni, ni `event_scheduler`, kiratibu cha matukio cha MySQL, ambacho hakijawaka. Kwenye MySQL 8.0 na 8.4 huwaka yenyewe, isipokuwa usanidi wako umeizima.

Kwenye nakala tukio hilo linakuwapo lakini limezimwa, na ndivyo inavyotakiwa. Siku ukiipandisha nakala kuwa seva kuu, mapigo hayataanza yenyewe. Piga `ALTER EVENT ukaguzi.piga ENABLE;`. Utaanza pia kuona mistari miwili, wa `seva_id` ya zamani ukiwa umeganda. Ufute, kabla mtu hajaamshwa usiku na mstari wa seva iliyostaafu.

Namba hasi maana yake saa zimeachana. Rudi hatua ya 2.

Kila pigo ni muamala, kwa hiyo ni 86,400 kwa siku kwenye binlogi. Ni gharama ndogo, na inakupa faida ya pembeni: GTID ya seva kuu haikai kimya kamwe, hivyo seti isiyosogea ni dalili tosha ya ugonjwa. Ila mapigo ya ndani ya MySQL yenyewe, yale ya `COUNT_RECEIVED_HEARTBEATS`, hutumwa tu binlogi ikiwa kimya. Ukishaweka jedwali lako hesabu hiyo itaganda. Usishtuke.

## Hatua ya 8: Subiri ipate joto, kisha tangaza

Nakala iliyotoka kuwaka ni nzito. Kumbukumbu yake ya kurasa (sehemu ya RAM inayoshika data zinazotumika) iko karibu tupu na kila muamala unakwenda kugonga diski. Ikizimwa vizuri, InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, huhifadhi orodha ya kurasa zilizotumika karibuni zaidi na kuzipakia ikiwaka. Ikikatwa umeme, orodha itakayotumika ni ya mara ya mwisho ilipozimwa kwa utaratibu, ambayo huenda ni ya miezi iliyopita.

Kwa hiyo uchelewaji kupanda kidogo mwanzoni si habari. Unachotaka kujua ni unapungua au unaongezeka. Soma `sekunde_nyuma`, subiri dakika 5, soma tena. Ikipungua, iache. Ikiongezeka, punguza kwanza ripoti zinazosomwa hapo, hasa zile za mwisho wa mwezi.

Usirudishe wasomaji wote kwenye nakala mpaka `sekunde_nyuma` ikae chini ya 2 kwa dakika 10 mfululizo na ulinganisho wa GTID uwe tupu mara mbili. Ndipo uandike kwenye kundi, na ujumbe uwe na namba: seti ya GTID uliyoilinganisha, muda kwa UTC, na sekunde za mapigo. "Ipo sawa" haimsaidii wa zamu ijayo.

## Ukikutana na hitilafu 1236

Ujumbe ukisema seva kuu imeshafuta binlogi zinazohitajika, soma hapa. MySQL 8.0 huweka binlogi siku 30 usipobadili `binlog_expire_logs_seconds`, lakini wengi huishusha diski ikijaa. Na ufutaji hufanyika pia *seva kuu inapowaka*. Nakala iliyokuwa nyuma siku chache na ingefika yenyewe inaweza kukosa njia kwa sababu tu seva kuu iliwashwa upya.

Kama bado una binlogi hizo kwenye bakapu, inawezekana kuziokoa, ingawa ni kazi ya usiku kucha. Kwa hifadhidata isiyo kubwa sana mimi naijenga nakala upya. Tangu 8.0.17 kuna programu-jalizi ya `CLONE` inayovuta data zote kutoka seva kuu. Pande zote ziwe za mfululizo mmoja wa matoleo (kabla ya 8.0.37, toleo lile lile kabisa), na ujue inafuta kila kilichokuwa kwenye nakala. Kwa hifadhidata kubwa kwenye mtandao mwembamba, bakapu ya XtraBackup iliyobebwa kwenye diski ya nje kwa bodaboda hufika mapema kuliko nyaya. Diski iwe imesimbwa kabla haijatoka mlangoni.

Nakala mpya ikishawaka, anza na hatua ya 3, kwa sababu `super_read_only` ndicho kitu cha kwanza kinachosahaulika kwenye seva iliyojengwa upya.